Sumu ya Meno Niliyomkabidhi Mume Wangu

"Jina lake si lipo kwenye kopo? Waambie ni yeye anayekuletea. Anaitwa Koku, nesi wa meno pale Mkuyuni. Wewe usinitaje kabisa."

Maneno hayo yalitoka kwenye simu ya mwanamke nisiyemjua. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, sote tunasikia.

Koku ni mimi.

Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la yule mwanamke, nyumbani kwake Usagara. Pembeni yangu alikaa afisa afya.

Na ile sauti kwenye simu...

Ndugu zangu, ile sauti iliniamsha asubuhi ya siku hiyohiyo. Iliniambia, "Mama, usisahau kuloweka maharage."

Ilikuwa sauti ya Obiero. Mume wangu wa ndoa ya kanisani, mwaka wa tisa sasa.

Ngoja niwarudishe nyuma, maana mkianzia hapo mtaona ni habari ya mchepuko tu. Haikuwa hivyo.

Jina langu kamili ni Kokulinda. Kwetu ni Muleba, Mwanza nilikuja kwa kazi. Ni nesi kwenye kliniki ya meno Mkuyuni. Daktari anachimba jino, mimi nashika mrija wa kuvuta mate na kumtuliza mgonjwa.

Mnajua lile doa la kijivu kwenye magego ya watu wazima? Ile ni dawa ya zamani ya kuzibia meno. Karibu nusu yake ni zebaki, iliyobaki ni fedha na madini mengine.

Zebaki ni sumu. Ikipata moto inageuka hewa, unaivuta bila kujua, inaingia mpaka kwenye ubongo.

Siku hizi kliniki yetu haizibi tena kwa dawa ile, lakini kila wiki tunaitoa midomoni mwa watu. Zamani vile vipande vilitemewa kwenye sinki. Sinki likatema kwenye mfereji, mfereji ukatema ziwani. Halafu jioni tunanunua sato.

Mimi ndiye niliyesema hapana.

Nilipotoka kwenye semina moja, nilimfuata bosi wangu, Daktari Rwehumbiza, nikamwambia tuweke chujio chini ya sinki, na vipande vyote tuvihifadhi kwenye makopo yenye maji na mfuniko wa kukaza.

Akacheka. "Koku, umeamua kuwa mama taka?"

"Daktari, hata wewe unakula samaki wa ziwa hili."

Akaacha kucheka. Akakubali.

Kila kopo niliandika kwa mkono wangu: ZEBAKI. SUMU. USICHOME. USIMWAGE. Chini nikaweka jina langu na namba yangu ya simu.

Sikuishia hapo. Nilizunguka kliniki nyingine nne, mpaka Butimba, nikawabembeleza madaktari wanipe na taka zao.

Ikabaki shida moja. Usafiri wa kupeleka kwenye kituo cha kuhifadhi taka hatarishi.

Obiero alikuwa na pikapu ya kubeba mizigo.

"Unahangaika nini, mke wangu?" aliniambia. "Mimi kila Alhamisi napita njia ya Usagara. Nipe, nitawafikishia."

Nilijiona nimebarikiwa. Wenzangu wanalia na waume zao, mimi wangu anabeba kazi yangu mgongoni.

Kila Alhamisi alirudi na karatasi ya mapokezi, imegongwa mhuri wa bluu. Nikaitunza kwenye faili.

Miaka miwili... na sikupanda ile pikapu hata mara moja.

Sasa ikaja Jumanne moja, saa nne asubuhi, kliniki imejaa. Akaingia mwanaume mrefu, mpole, ana mfuko wa nailoni mkononi.

"Naitwa Mashimba, afisa afya kutoka Misungwi. Kokulinda ni nani hapa?"

"Ni mimi."

Akatoa kopo jeupe. "Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Limekutwa jikoni kwa mtu. Mengine yamekwanguliwa maandishi, hili lilisahaulika. Vilivyokuwemo vimechomwa kwenye kikaango."



Daktari Rwehumbiza alisimama na glavu zake mkononi. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mwizi aliyemlea.

"Koku... umetuuza?"

Nilikimbilia faili. "Daktari, karatasi hizi hapa. Kila wiki. Mume wangu anapeleka mwenyewe, mihuri hii hapa."

Mashimba alifungua moja, akaisoma, akafungua nyingine.

"Dada, umewahi kuusoma huu mhuri?"

"Ndiyo."

"Usome tena."

Nikasoma. Uliandikwa: KITUO CHA HIFAZI YA TAKA.

Hifazi...

Miaka miwili nimetunza karatasi ambazo hata mtoto wa darasa la tatu angezikataa.

Na bado nilimtetea! Nikasema labda naye ametapeliwa na watu wa huko. Nikampigia, hakupokea.

"Twende Usagara," Mashimba akasema. "Nahitaji uyatambue na makopo mengine."

"Nani alitoa taarifa?"

"Hilo siwezi kukwambia."

Ndiyo hivyo nikafika kwenye ile nyumba.

Mwenye nyumba aliitwa Achola. Umri wetu haupishani sana. Alikuwa na mimba kubwa, miezi saba hivi.

"Karibuni," alisema. Akatuletea maji. Bilauri ilikuwa inagongana na sahani, mikono inamtetemeka kama ya bikizee.

Mimi kazi yangu ni midomo ya watu. Alipofungua kinywa kunisalimia nikaona fizi. Zimevimba, zimekuwa na rangi ya zambarau. Mate yanamjaa, anameza kila dakika.

"Dada," nikamuuliza, "mdomoni unasikia ladha kama ya chuma?"

Alinitazama. "Umejuaje?"

"Nionyeshe jikoni."

Jiko lilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha. Jiko la mkaa, kikaango cheusi, na makopo yangu kumi na mawili yamepangwa ukutani kama ya unga.

"Mume wangu aliniambia ni fedha ya meno," Achola alisema taratibu. "Nichome mpaka moshi uishe. Inayobaki anampelekea sonara."

"Ulikuwa unachomea humu ndani?"

"Humuhumu. Alisema nifunge na mlango, majirani wasijue."

Mimba ya miezi saba. Na mlango amefunga.

Tuliporudi sebuleni Mashimba akamuuliza mumewe ni nani. Achola alichukua simu, akapiga, akaiweka mezani.

"Baba, kuna watu wa afya hapa. Wanaulizia yale makopo."

Yaliyofuata mmeshayasikia.

Alipomaliza kunichongea, niliinamia ile simu.

"Obiero."

Nikaisogeza simu karibu.

"Obiero, ni mimi, mkeo. Mama Amondi."

Akakata.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa na roho ya kimalaika. Nilitaka kumrukia yule mwanamke. Nilitaka kupasua kila bilauri ndani ya nyumba ile.

Lakini macho yangu yalirudi kwenye zile fizi, kisha kwenye tumbo.

"Inuka," nikamwambia. "Usichukue nguo wala shuka. Toka ndani ya nyumba hii sasa hivi."

Tukampandisha kwenye gari la Mashimba, tukaelekea hospitali. Tulikaa kiti cha nyuma, mimi na yeye, bega kwa bega.

Halafu Achola akasema, "Dada Koku... mimi ndiye niliyetoa taarifa."

Niligeuka.

"Alikuwa anakwangua maandishi kwa kisu kabla hajanipa. Moja akalisahau. Nikasoma: sumu, usichome. Nikapiga namba iliyoandikwa. Ukapokea wewe, ukasema karibu kliniki ya meno. Nikaogopa, nikakata."

"Mbona hukupiga tena?"

"Nilipiga. Ilikuwa Jumapili mchana. Akapokea mwanaume, akasema subiri, mke wangu yuko jikoni."

Akameza mate.

"Alikuwa yeye. Mimi alinitolea mahari kwetu Shirati miaka mitatu iliyopita. Aliniambia mkewe wa kwanza alishakufa."

Kwa hiyo mimi nilikuwa marehemu...

"Leo ulijua kwamba atapokea yeye," nikasema. "Ndiyo maana ukafungua sauti."

"Ningekwambia kwa mdomo ungeniamini? Ungeniona malaya tu anayekutafutia ugomvi. Nikamwomba afisa akulete asikwambie kitu. Mimi nilimjua kwa simu. Nikataka na wewe umjue kwa simu." Kisha akaongeza, "Sikujua kama atakutupia wewe mzigo. Hilo hata mimi limenishtua."

Nililia pale. Sikumlilia Obiero. Nililia kwa sababu mtu aliyeniambia ukweli kuliko wote katika miaka tisa ndiye niliyetoka kutaka kumpiga.

Obiero alirudi nyumbani baada ya siku mbili, mchana, amebeba mkungu wa ndizi kama mgeni.

"Koku, tuyamalize wenyewe. Mimi ni baba wa watoto wako."

"Yupo mwingine tumboni, yule uliyemfungia mlango."

"Sikujua kama ni sumu. Haki ya Mungu sikujua."

"Kila kopo niliandika sumu."

"Sikusoma."

"Ulikwangua kwa kisu, Obiero. Mtu asiyejua hakwangui."

Akaanza upande wa pili.

"Basi sema kwamba tulikuwa tunajua wote. Kosa likigawanywa linakuwa jepesi. Wewe ni mtu wa afya, watakusamehe."

Hapo ndipo penzi lilipokufa. Mpaka dakika ile nilidhani ana hata punje ya aibu.

"Na mabaki ulikuwa unayapeleka wapi? Yale yasiyokuwa fedha?"

Alitazama chini. "Ziwani. Nikienda kuosha gari."

Nilimpigia Mashimba mbele yake. Faili lote nikalikabidhi, karatasi kwa karatasi, na maelezo nikaandika ya kweli: kwamba mimi ndiye niliyempa makopo, na kwamba sikuwahi kufuatilia. Obiero alikamatwa, kesi iko mahakamani.

Mama mkwe alinipigia. "Mwanangu, umemfunga mumeo?"

"Mama, shikamoo. Achola ulikuwa unamfahamu?"

"Tulidhani... utamjua taratibu."

Basi. Ukoo mzima ulikuwa unajua kasoro mimi.

Daktari Rwehumbiza aliniomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Nilipokea, ila lile neno "umetuuza" bado nalisikia. Kliniki mbili kati ya zile nne zilikataa kunipa tena taka zao. Siwalaumu. Walizikabidhi kwangu zikaishia kwenye kikaango.

Achola alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, mdogo, analia kwa nguvu. Madaktari wanasema bado ni mapema kujua kama ile hewa imemgusa kichwani. Mama yake mpaka leo hawezi kufunga kifungo cha gauni la mtoto. Mikono inakataa. Kila Jumamosi naenda kumfungia, namwogesha mtoto, tunakunywa chai. Watu wananiona chizi, mke kumhudumia mke mwenzie. Waniite watakavyo.

Na ile sumu iliyomwagwa ziwani haitarudi. Hakuna mahakama itakayoizoa.

Siku hizi taka nazipeleka mwenyewe. Nakaa kiti cha mbele, kopo la mwisho likishuka ndipo nashuka na mimi, na mtu wa kituo anasaini huku namwangalia usoni.

Wewe unayesoma hapa, nakuachia hili. Kazi njema uliyoianza usiikabidhi nusu njia kwa sababu tu anayeipokea unalala naye kitanda kimoja. Upendo mpe wote, sumu usimpe. Na siku ukienda kung'oa au kuziba jino, muulize daktari wako vile vipande anavyotoa vinakwenda wapi. Akishangaa swali lako, muulize mara ya pili.