Upande wa Nyuma wa Fomu

Wacuka alikuwa akikamua ng'ombe wakati Gathii aliporudi kutoka mjini Kitale na bahasha mkononi. Hakuhitaji kuuliza. Uso wa mume wake ulikuwa umeshasema yote.

"Wamekataa tena," Gathii alisema. "Mara ya tatu."

"Kwa nini?"

"Ati hatujatimiza masharti. Basi, hiyo tu."

Wacuka aliweka ndoo chini kwa kishindo, maziwa yakamwagika. Alikuwa amechoka. Amechoka na fomu, amechoka kupanda ngazi za ofisi ya mji na kushuka mikono mitupu.

"Hawa wanataka chai," Gathii alisema. "Tuwape kitu kidogo, mambo yaishe."

"Hongo? Ya sherehe ya maziwa? Baba Ciru, usinitie wazimu asubuhi!"

Sherehe yenyewe ilikuwa ya vibuyu. Kila Novemba, chama cha akina Wacuka kiliwaalika wanawake wa Endebess na Cheptais. Kila mmoja alileta maziwa yaliyolala kibuyuni. Mshindi alichaguliwa na Chesang, bibi wa Cheptais ambaye wote walimwita Kogo, yaani nyanya. Kogo aliwafundisha wasichana kusugua kibuyu ndani kwa kijinga cha moto, ili maziwa yakae na yanukie vizuri. Wasichana hawakuwa na mwalimu mwingine.

Lakini mwaka uliopita, 2005, mvua ilinyesha na tenti haikuwepo. Kogo alilowa chapachapa, akaugua kifua mwezi mzima. Alipopona alituma ujumbe mfupi: "Mkipata tenti, niiteni. Msipopata, kwaherini." Ndiyo maana Wacuka, katibu wa chama, aliutaka sana msaada wa mji. Mji ulisaidia sherehe za wananchi kwa tenti, viti na vipaza sauti. Bila tenti, hakuna Kogo. Bila Kogo, sherehe imekufa.

Jumamosi hiyo jirani yao Chepkemei alikuja kununua maziwa. Alifanya kazi Bungoma, katika ofisi ya maendeleo ya jamii, na alirudi nyumbani kila wikendi. Wacuka alimrushia ile fomu.

"Soma wewe. Mimi imenishinda."

Chepkemei alisoma polepole. "Mahali pa sherehe: nyumbani kwa Mama Wamboi. Kwa nini kwake?"

"Si ni zamu yake? Mwaka jana ilikuwa hapa kwangu. Chama huzunguka, bana. Mwenye zamu ndiye hupokea wageni."

"Na hapa mmeandika wageni wataingia kwa kadi."

"Ndiyo. Vikombe vya Mama Wamboi ni mia moja tu."

Chepkemei alicheka. "Mama Ciru, hii ni karamu ya nyumbani. Pesa za mji ni za watu wote. Haziwezi kuweka tenti ndani ya geti la mtu. Sherehe lazima iwe mahali pa umma, kama uwanja. Mtu yeyote aingie bure, bila kadi. Na huyu mwanasiasa mliyemwandika mgeni rasmi, aje kunywa maziwa kama wengine. Mji hausaidii kampeni."

"Sasa hayo yote yameandikwa wapi?" Wacuka alifoka. "Si wangetuambia!"

"Yameandikwa nyuma ya fomu."

Wacuka aligeuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe kabisa.

"Hii ni kopi," Chepkemei alisema. "Nani alipiga kopi?"

Wanawake wote wawili walimtazama Gathii, aliyekuwa akilisha ng'ombe karibu nao. Gathii alitazama ng'ombe.

"Upande wa mbele ndio ulikuwa na mistari ya kujaza," alisema kwa sauti ndogo. "Ule mwingine ulikuwa maneno tu."

Wacuka aliitupa fomu chini. Mara tatu! Viatu vyake vimelika kisigino kwa sababu ya maneno tu!

"Cheti cha chama mnacho," Chepkemei alimtuliza. "Katiba mnayo. Ombi lifike miezi miwili kabla ya siku ya sherehe. Huu ni Agosti. Bado mna wakati, lakini msilale."

Kazi ngumu ilikuwa Mama Wamboi. Alikuwa amepaka geti rangi mpya ya buluu kwa ajili ya zamu yake. Aliposikia habari ya uwanja, alisimama katikati ya mkutano wa chama.

"Kwenu mlikula kwa raha. Zamu ikifika kwangu, ati twende uwanjani? Mnanidharau!"

"Mama Wamboi, geti lako ni zuri, nimeliona!" Wacuka alisema, subira imemwishia. "Lakini Kogo hatakuja kutazama geti. Tunataka sherehe ama tunataka zamu?"

Wacuka alipumua, akaongea taratibu. "Zamu ni yako bado. Wewe ndiwe utakayepokea wageni. Ila uwanjani."

Mama Wamboi alinuna siku nne. Siku ya tano alileta vikombe vyake.

Wacuka alichukua fomu mpya ofisini, akasoma pande zote mbili, akaijaza. Baada ya wiki tano bahasha ilirudi. Wamekubaliwa.

Novemba mvua ilinyesha kama kawaida yake. Safari hii iligonga tenti tu. Kogo Chesang aliketi pakavu, akinusa kibuyu kimoja kimoja, wasichana tisa wamemzunguka. Mwanamume mmoja mgeni alisimama pembeni mvuani, kofia mkononi.

"Mama, mimi sina kadi," alisema.

"Kadi ya nini?" Mama Wamboi alimvuta ndani. "Shika kikombe!"

Jioni Gathii alimkaribia mkewe, akijidai. "Mambo yamekuwa mazuri. Mwaka ujao niachie fomu, nitaijaza mwenyewe."

Wacuka alimtazama. Kisha alitoa fomu ya mwaka uliofuata kwenye mkoba, akampa.

"Sawa. Lakini anza na nyuma."