Farasi wa Mbao wa Lizaboni

Jioni ile Kunegunda alikuwa anafuata kinu chake tu. Sharifa alikuwa amekiazima, na mchele wa vitumbua vya kesho ulikwisha kulowekwa. Alijitanda kanga mbili mabegani, maana baridi ya Songea mwezi wa Julai haina mzaha, akakata vichochoro vya Lizaboni huku akiitikia shikamoo za watoto, mpaka nyumbani kwa rafiki yake.

"Hodi! Sharifa!"

Mlango ulikuwa wazi. Jikoni wali ulikuwa unaungua, harufu imejaa nyumba nzima. Chumbani msala ulikuwa umetandikwa tayari, na adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita. Sharifa hakuwa mtu wa kuacha sala ipite, wala wa kuacha wali uungue. Kunegunda akaepua sufuria, akatoka uani, akatega sikio.

Ndipo aliposikia gita.

Lilitoka bondeni, upande wa uwanja wa zamani. Halikuwa la redio. Lilikuwa linakwama kidogo kila lilipofika kwenye sauti ya juu, kana kwamba mpigaji ana kidole kibovu. Na kidole hicho Kunegunda alikijua. Alikifunga kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, siku kilipokatwa na panga shambani.

Kilikuwa kidole cha mumewe, Leonce.

Na Leonce hakuonekana tena Songea tangu mwaka mmoja kabla ya vita vya Kagera.

Wazee wa mji bado wanausimulia uwanja ule wakitabasamu. Zamani aliingia mtu mmoja na lori lililobeba farasi wa mbao, wamepakwa rangi nyekundu na buluu, akawafunga kwenye gurudumu kubwa la chuma. Watu wakamwita Bosi. Kila Jumapili, kila Idi na kila Krismasi, watoto walipanda farasi wakazungushwa, na wakubwa wakacheza dansi pembeni, wamevaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, huku Luhira Jazz wakitumbuiza jukwaani. Mwimbaji alikuwa Kunegunda, binti wa miaka kumi na tisa. Gita alipiga Leonce. Saksafoni alipuliza Abdulhamid, kaka yake Sharifa.

Kisha bendi ikaalikwa Tunduru. Waliondoka na lori la Bosi, farasi wamefungwa nyuma. Kunegunda alibaki kitandani, malaria imemlaza. Lori halikufika Tunduru. Baada ya muda Bosi akarudi nalo peke yake, yeye na farasi wake, bila bendi. Hakutoa maelezo. Alipita nyumba kwa nyumba akinong'ona jambo moja tu.

"Wako safarini. Ukimlilia aliye safarini, unamfungia njia ya kurudi."

Watu walimwogopa. Ilisemekana gurudumu lile halizunguki kwa dizeli peke yake, kwamba lina njaa yake. Hivyo hakuna aliyelia. Hakukuwa na matanga, hakukuwa na misa, hakukuwa na sala ya jeneza. Hata majina yaliachwa kutajwa, wakawa "wale wa safari". Bosi naye akatoweka, farasi wakabaki kwenye majani. Kunegunda akazeeka hivyo hivyo, si mke, si mjane. Wachumba walipokuja, wazee walitikisa vichwa. Mke wa mtu aliye safarini anaozwaje?

Miezi ya karibuni Sharifa alikuwa ameanza kuyazungumzia sana yale ya kale. "Siku zile tuliishi, dada Kune," alikuwa akisema, macho yakielekea bondeni. "Siku hizi tunapumua tu." Kunegunda alimcheka. Lakini yeye mwenyewe, akiwa peke yake jikoni, alikuwa anajikuta anaimba chinichini nyimbo zile zile.

Sasa gita liliita tena.

Akashuka bondeni.

Njiani akakuta kandambili za Sharifa. Moja, kisha nyingine. Ukungu ulikuwa unatelemka kutoka milima ya Matogoro. Akasikia harufu ya grisi. Halafu harufu ya bisi zinazokaangwa, tamu, ya Jumapili kabisa... Mate yakamjaa mdomoni, na hapo hapo akasimama. Nani anakaanga bisi kwenye magugu?

Akapenya kwenye uzio wa michongoma.

Uwanja ulikuwa unawaka taa za rangi. Nguzo ya umeme haikuwepo.

Gurudumu lilikuwa linazunguka. Majani yalikuwa yamefyekwa, farasi wanang'aa kama waliopakwa rangi jana, na juu ya migongo yao walikaa Luhira Jazz, kila mtu na chombo chake. Muziki ulizunguka nao. Drams zinakuja, zinapita. Besi inakuja, inapita. Saksafoni inakuja ikilia sikioni, kisha inafifia upande wa pili wa giza. Wote vijana. Hakuna hata mmoja aliyezeeka.

Hakuna hata mmoja aliyepepesa macho. Na kope zao zilikuwa na vumbi jekundu.

Nyuma ya Abdulhamid, juu ya farasi wa buluu, alikaa Sharifa, miguu mitupu, ushungi umemdondoka. Alikuwa anacheka bila sauti. Kila alipozunguka, alirudi na mkunjo mmoja umepungua usoni. Kunegunda alifurahi kwa nukta moja, mpaka alipotazama vizuri. Kila alipozunguka, taa za upande wa pili zilionekana kupitia mwilini mwake.

"Umechelewa, Kune."

Bosi alikuwa amesimama jukwaani, koti lake jeusi limefungwa vifungo vyote. Hakupaza sauti. Mkononi alikuwa na maikrofoni.

"Mshushe Sharifa," Kunegunda akasema.

"Sikumpandisha mimi. Amekuja mwenyewe. Wanaokumbuka huwa wanakuja." Akatabasamu. "Hata wewe umekuja."

"Nimefuata kinu changu."

"Tazama mkono wako."

Akautazama. Ngozi ilikuwa laini, kucha zimepakwa rangi nyekundu kama alivyokuwa akizipaka zamani. Goti lililomsumbua halikuuma tena. Akahisi kifua chake kimejaa pumzi, ile pumzi ya kushika sauti moja mpaka watu wakapiga mbinja. Mungu ndiye shahidi, alitaka kupanda. Palikuwa na farasi mmoja mtupu, na alijua ni wa nani.

Leonce akapita mbele yake. Vidole vilikuwa vimechanika mpaka mfupa, na bado vinapiga. Midomo ikafunguka kidogo.

"Nimechoka, Kune..."

Akapita.

Hasira iliyompanda Kunegunda haikuwa ya kikongwe wala ya kisichana. Ilikuwa ya miaka yote ile aliyokatazwa kulia.

Akapanda jukwaani, akampokonya Bosi maikrofoni.

Bosi akapisha, ameridhika. "Imba, mwanangu."

Akaimba. Sauti ilitoka ile ile ya zamani, na gurudumu likaongeza mwendo. Akaimba beti zote. Halafu akafika pale ambapo kila mwimbaji wa dansi hufika, pale anapoacha mashairi, magita yakichanganya, naye akaanza kuwaita wapigaji kwa majina, mmoja mmoja, ili watu wawashangilie.

"Muhsini!" akaita. "Muhsini wa Namasakata!"

Mpiga drams akainua uso.

"Umekufa, Muhsini. Mama yako alikungoja mpaka naye akafa. Pumzika."

Fimbo zikaanguka. Drams zikanyamaza, na juu ya farasi yule hapakuwa na mtu.

Tabasamu la Bosi likakatika. "Wako safarini," akanong'ona.

"Longino! Umekufa, baba. Weka besi yako chini. Mussa, mwenye tumba! Umekufa. Nyumbani wote tunajua, tulikuwa tunaogopa kusema tu."

Besi kimya. Tumba kimya.

Maikrofoni ikaanza kuwa ya baridi. Baridi ikamng'ata viganja, ikapanda mpaka viwiko. Hakuiachia. Mikono yake ilikuwa inakunjamana tena, goti likaanza kuuma, sauti ikakwaruza. Acha ikwaruze.

Gita likaja.

Alitaka kumwacha azunguke mara moja zaidi. Mara moja tu, amtazame.

"Leonce," akasema. "Mume wangu. Umekufa. Mimi ni mjane wako."

Leonce akafumba macho. Gita likaishia hapo hapo kwenye ile sauti ya juu, na safari hii halikukwama.

Ikabaki saksafoni. Kunegunda akamwita Abdulhamid. Saksafoni ikayumba, kisha ikaendelea, kali zaidi. Akamwita tena. Haikunyamaza.

"Huyo si wako," Bosi akanong'ona, mdomo karibu na sikio lake. Pumzi yake ilinuka grisi. "Huyo ana mwenyewe, na mwenyewe hataki."

"Sharifa!" Kunegunda akapiga kelele. "Mtaje kaka yako!"

Sharifa akapita, amekuwa msichana, mwepesi kama moshi. Alikuwa ameacha kucheka.

"Nikimtaja hatarudi tena, dada Kune."

"Hatarudi! Hata usipomtaja hatarudi! Mtaje, mwanamke wewe, kabla hujaisha!"

Akazungukia upande wa giza. Kunegunda akangoja. Saksafoni ililia kule, peke yake, muda mrefu... Kisha katikati ya mlio ule ikasikika sauti nyembamba, ya mtu anayelia.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un... Kaka Abdulhamid..."

Taa zikazimika.

Kunegunda alisikia kishindo cha mwili kwenye majani. Akaenda kwa kupapasa, magugu yakimfika kiunoni, mpaka akamshika Sharifa mkono. Ulikuwa na uzito. Ulikuwa na joto. Akamshukuru Mungu.

Ila gurudumu lilikuwa bado linazunguka.

Kwiii... kwiii... Chuma kilichojaa kutu, gizani, bila muziki. Kunegunda akageuka, akafungua kinywa amtaje na yule wa mwisho. Hakuwa na jina la kumtaja. Mji mzima ulimjua kama Bosi tu.

"Na mimi, Kune," sauti ikauliza taratibu, "mimi utaniitaje?"

Akamburuta Sharifa mpaka barabarani.

Walifanya matanga wiki ile. Kunegunda alivaa kaniki, akapita nyumba kwa nyumba, kama Bosi alivyopita zamani, akiwaambia watu walie. Wengine walimfungia mlango. Jirani mmoja akamshika kanga: "Bibi, yule mtu atasikia."

"Asikie. Ndiyo maana ninasema kwa sauti."

Wakaja. Kwanza wajukuu, kisha wazee. Misa ikasomwa, na msikitini ikasaliwa sala ya wafu walio mbali. Wanawake waliomeza kilio tangu ujana wao walikitoa siku ile, na Lizaboni yote ilisikia.

Sharifa alipona, kama unaweza kuita kupona. Vumbi jekundu la nyayoni halikutoka, hata kwa jiwe la kusugulia. Na upande mmoja wa kichwa chake nywele zilibaki nyeusi tii, za kisichana. Hupenda kuzifunika. Ukimuuliza aliona nini alipokuwa anazungukia upande ule wa giza, hujibu, "Foleni ya watu." Haongezi neno.

Kunegunda alianza kutafuta jina. Aliuliza Namtumbo, akauliza Tunduru mjini, akauliza mpaka Mbesa. Kila mtu alimkumbuka Bosi, koti lake, farasi wake. Jina, hakuna. Kule Namasakata, chini ya mkorosho mmoja, alimkuta mzee anafagia majani; alimsikiliza mpaka mwisho, akaacha kufagia.

"Unasema lilikuwa gurudumu la injini?"

"Ndiyo, baba. La injini."

"Babu yangu alilipanda likisukumwa kwa mikono. Wakati wa Mjerumani. Mtu mwenyewe alivaa koti jeusi." Mzee akatazama pembeni. "Walimwita Bwana. Basi."

Akarudi Songea kwa basi la mwisho la mchana, hakufumba jicho njia nzima.

Siku mbili tatu zilipita. Magharibi moja alikuwa anachekecha unga mlango ukiwa umerudishiwa, na harufu ikaingia kabla ya sauti. Grisi. Bisi tamu.

Mlango ukagongwa kwa adabu.

"Kune... Jina langu unaliuliza kwa watu. Kwa nini hunijii mwenyewe?"

Chekecheo likamdondoka. Alijua angeweza kukomea, akazima taa, akajifunika blanketi, na kesho asimwambie mtu. Ndivyo mji mzima ulivyofanya, na ndivyo yule mtu alivyoendelea kuishi.

Akajifuta unga mikononi. Akaenda mlangoni, akaufungua wote, mpaka ukutani.

"Ingia," akasema. "Kaa hapa kwenye taa, watu wakuone sura."

Nje hapakuwa na mtu. Ukungu ulisogea nyuma kidogo, kama kitu kilichorudisha mguu.

Kunegunda hakuufunga mlango. Alivuta kigoda, akakaa pale pale kizingitini, akaanza kuimba wimbo wa dansi kwa sauti yake hii ya uzee iliyokwaruza. Dirisha la jirani likafunguka. Kisha la pili. Sharifa akaja anakimbia, ushungi mkononi, akakaa karibu yake akaitikia.

Bondeni chuma kikalia. Kwiii...

Kunegunda akapaza sauti.