Isipopungua, Nani Analipa?

Mzee Swichi alikuwa mtunza jengo wa kituo cha afya. Jina hilo alipewa na watoto wake. Nyumbani hakuna taa iliyomponyoka. Ukitoka sebuleni kufuata chumvi, ukirudi unakuta giza.

"Baba watoto, bado nakula," mkewe alisema alfajiri moja.

"Kula, nani kakukataza? Mdomo wako si unaujua ulipo?"

Mkewe alikuwa mkunga katika kituo hicho hicho. Waliondoka nyumbani pamoja, wakafika kazini pamoja. Huko swichi zilimshinda mzee. Hita ya maji ya wodi ya wazazi ilikuwa kuukuu. Ilichemka mchana na usiku, awepo wa kuoga au asiwepo. Taa ndefu zilinguruma kama nyuki. Mashine ya hewa baridi ilipoza stoo yenye dirisha lililovunjika. Kwa maneno mengine, ilipoza barabara.

Siku hiyo walikuta barua imebandikwa mlangoni. Ofisi ya wilaya ilisema bili ya umeme imezidi. Isipopungua kabla ya mwaka kwisha, wodi ya wazazi itafungwa. Wajawazito wataenda hospitali kuu, mwendo wa saa tatu. Mkunga naye atahamishiwa huko.

"Basi nitajipikia mwenyewe," Mzee Swichi alijaribu kutania.

"Na watakaojifungulia njiani, utawapikia?" mkewe aliuliza. Hakucheka.

Wiki iliyofuata alikuja injinia wa kampuni moja. Kamati ya kituo ilikaa kwenye mabenchi ya wagonjwa kumsikiliza.

"Hamtoi pesa ya kuanzia," injinia alisema. "Sisi tunakopa benki kwa jina letu. Tunaweka hita mpya, taa mpya, pampu mpya. Bili itashuka. Pesa mtakayookoa, sehemu mnatulipa sisi kwa miaka sita, sehemu inabaki kwenu. Baada ya hapo yote ni yenu. Na bili isiposhuka kama tulivyodhamini, pengo tunalijaza sisi."

Watu walitazamana.

"Ngoja," Mzee Swichi alisema. "Tunawalipa, au mnatulipa?"

"Inategemea."

"Aa! Hapo ndipo tulipopigwa safari ile."

Safari ile ni ya jenereta. Tusijifanye tumesahau. Miaka kumi na minne iliyopita walikuja watu na suti zao wakasema ni bure. Ikapigwa picha, ikakatwa utepe. Jenereta ikafa mwezi wa tatu, na bili ya vipuri ikatujia sisi. Walioweka saini wamejenga. Jenereta bado ipo nyuma ya kituo, na kuku hutagia ndani yake.

Hata hivyo kamati ilikubali umeme upimwe kwanza, mwezi mzima.

Mzee Swichi alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Jambo moja tu alilielewa: wageni wanakuja kutazama aibu yao. Mgeni akija, nyumba hufagiliwa. Basi naye akafagia. Alizima hita. Alizima mashine ya hewa baridi. Wagonjwa walisubiri kwenye ukumbi wa giza, wakikanyagana vidole.

Mkewe alimfuata hadi stoo. "Mama kajifungua leo asubuhi, nimemwogesha maji ya baridi! Una akili wewe?"

"Vumilia, mama watoto. Tunaokoa wodi yako."

Mwezi ulipokwisha, injinia alisoma mita akakuna kichwa. "Mnatumia kidogo sana. Hapa hakuna cha kuokoa. Ijumaa nakuja kuaga."

Mzee Swichi alipigwa na butwaa. Walitaka umeme upungue. Kaupunguza. Sasa kosa lake nini?

Jioni alimweleza jirani yao, Bibi Mita. Mama huyo alisoma mita za umeme miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alikuwa anaanika nguo.

"Mdogo wangu, umejichimbia kaburi," alisema. "Sikiliza. Tuseme bili yenu ya kawaida ni ndoo kumi. Kampuni inadhamini kuondoa tatu. Mbili wanachukua wao kwa miaka sita, moja yenu. Wakiondoa mbili tu, ile ya tatu wanaijaza wao kutoka mfukoni mwao. Umeelewa?"

"Kidogo."

"Kidogo inatosha. Sasa wewe umewaonyesha ndoo saba. Watakuondolea nini, kamasi?"

"Kumbe ningewasha kila kitu!"

"Hapana! Ungewaonyesha kumi na tano, mngewalipa kwa ndoo ambazo hazijawahi kuwepo. Mwanzo lazima uwe wa kweli. Mficha maradhi, kifo humfichua. Bili za zamani zipo?"

Mzee Swichi alitazama chini. "Zote. Miaka kumi na minne."

"Ziko wapi?"

"Ndani ya jenereta. Chini ya kuku."

Ijumaa alisimama mbele ya kamati na kopo la biskuti lililojaa bili, lenye kinyesi cha kuku juu yake. Alilifungua. "Nilizima mimi," alisema. "Niliona aibu. Matumizi yetu ya kweli ni haya."

Mwenyekiti aliangua kicheko. Mkunga hakucheka, lakini alimsogezea mumewe kiti.

Injinia alifungua bili moja moja. "Hizi naweza kuzifanyia kazi," alisema. "Tutapima upya, kila kitu kikitumika kama kawaida."

"Subiri, mwanangu," Bibi Mita, aliyefuatana na Mzee Swichi, alisema kutoka benchi la nyuma. "Nani atapima baada ya kazi? Ninyi wenyewe?"

"Kwa kawaida sisi..."

"Fisi hahesabu mbuzi. Tunataka mpimaji mwingine. Hita ikiharibika, nani anatengeneza? Na mbona karatasi yako inasema 'tunatarajia' bili itashuka? Mdomoni ulisema mnadhamini. Andika ulichosema."

Injinia alitoa kalamu. Alifuta, akaandika. Mkataba ulikaa wiki tatu kwa mwanasheria wa wilaya kabla ya mtu yeyote kutia saini.

Vifaa vipya vikawekwa, bili ikashuka, na wodi haikufungwa. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, mpimaji alikuta zimepungua ndoo mbili na nusu, si tatu. Pampu ilikuwa imekorofisha. Ikaja barua ya kampuni pamoja na malipo ya ile nusu.

Mzee Swichi aliisoma mara nne. "Yaani wao ndio wanatulipa sisi?"

"Ndiyo, baba watoto."

"Na pampu?"

"Wanaitengeneza wao. Imeandikwa."

Mpaka leo ukimwuliza mkataba mzima unavyokwenda, ataanza na ndoo kumi na kupotelea kwenye ya sita. Lakini kila anayekuja na suti na neno "bure" humwuliza swali moja: "Isipopungua, nani analipa?" Wawili wameshaondoka bila kunywa chai.

Siku ile barua ilipokuja, aliiweka ndani ya kopo lake la bili. Akirudi alipita bafu la wodi. Mlango umefungwa, taa inawaka. Mkono ukaenda kwenye swichi kwa mazoea. Ndani alisikia maji yakimiminika, na mama akimbembeleza mtoto mchanga.

Akaushusha mkono, akaenda zake.