Waridi Kulia, Asumini Kushoto

Kila binadamu ana harufu yake, awe ameoga au hajaoga. Mama Kibonge alikuwa ameuza manukato miaka tisa na hilo alilijua vizuri. Ndiyo maana alishtuka yule mama wa mtandio mweusi alipoinama mezani. Hakunuka kitu, si jasho wala sabuni.

"Nilinganishie haya mawili, mwanangu," mteja alisema kwa sauti ya chini. "Haya ya waridi, ya enzi za bibi yako, na haya ya asumini."

Mama Kibonge akachukua vijikaratasi vya kunusia. Mteja akavisukuma kando.

"Nipulizie kwenye ngozi yako. Yangu haishiki harufu."

Kumjaribia mteja mwilini mwako kulikuwa mwiko dukani. Lakini biashara ilikuwa imedoda tangu asubuhi, na mteja ni mfalme. Akapuliza waridi mkono wa kulia, asumini wa kushoto. Mteja akanusa huku, akanusa kule, kisha pua ikapanda taratibu hadi shingoni, pale mwanawe Kibonge anapolalia akishashiba, akavuta pumzi ndefu isiyokwisha.

"Nimepata yangu," akasema. Akaondoka, chupa zote mbili akaziacha mezani.

Jioni Kibonge, mtoto wa miezi saba, akamkataa. Alilitema titi, akapiga mayowe, akamsukuma kifuani. Ikabidi amlaze chumbani, mtoto akalia huko peke yake.

"Wifi," dada wa mumewe alinong'ona jikoni, baada ya kumnusa shingo na kurudi nyuma. "Mbona hunuki kitu?"

Mama Kibonge aliogopa. Mtoto asiyemjua mama yake atanyonya kwa nani?

Mara kilio kikakatika. Wakatazamana, maana nyumbani walikuwa wao watatu tu, na Mama Kibonge akakimbia, akafungua mlango, na harufu ikampokea kizingitini, ya maziwa, ya sabuni, ya jasho la kutwa dukani, harufu yake mwenyewe, ikitoka upande wa pili wa kitanda ambako hapakuwa na mtu.

Akanyoosha mikono. "Njoo kwa mama."

"Njoo kwa mama," sauti yake mwenyewe ikasema kutoka upande ule.

Kibonge, ameketi katikati ya kitanda, akanusa huku, akanusa kule. Kisha akacheka, akamgeuzia mama yake mgongo, akalaza kichwa hewani, nacho hakikuanguka.