Tangi Lililovuta Pumzi

Dinka ni mke wa binamu yangu, na si mtu wa kubuni maneno. Siku aliyonisimulia haya alikuwa akipanga sardini za chumvi mtungini. Mikono yake haikuacha kupanga, mpaka simulizi ilipofika kwenye bomba la tangi.

Ilikuwa Novemba, kabla ya adhuhuri, bahari imelala shwari. Yeye na baba yake, mzee Jerko, walikuwa wakirudi kutoka kuchuma zeituni kwenye kisiwa chao kidogo kisichokaliwa na mtu, magunia kumi na moja yamelazwa mbele ya boti. Boti yenyewe ilikuwa ya mbao, na injini yake ya dizeli ilikaa tumboni, chini ya kifuniko cha ubao. Dinka alikuwa amekikalia kifuniko hicho, anakula mkate na jibini, kwa kuwa palikuwa na joto la injini.

"Umeatamia hapo kama kuku," mzee alimtania. "Yameanguliwa mangapi?"

"Wivu tu huo, baba. Wewe ganda hukohuko kwenye usukani."

Walipoingia kwenye mlango wa bahari kati ya kisiwa na miamba ya Babina, injini ilikohoa. Ikapanda, ikashuka, ikakohoa tena kama mtu aliyepaliwa. Ikazimika.

Mzee Jerko hakushtuka. Injini amezifungua na kuzifunga tangu ujana wake. "Inakosa mafuta," alisema. "Mlevi huyu asipopata kinywaji chake haendi popote."

Alichovya kijiti kwenye tangi. Mafuta yalikuwa zaidi ya nusu. Dinka akainuka, wakafungua kifuniko. Koki ya mafuta, ile iliyo kati ya tangi na chujio, ilikuwa imefungwa. Imefungwa kabisa.

"Nani kaigusa hii?"

"Nimeikalia mimi tangu tung'oe nanga, baba."

"Basi ni mtikisiko." Lakini koki ilikuwa imekaza, hata akatumia koleo kuifungua.

Alilegeza skrubu ya chujio ili hewa itoke, akapampu kwa mkono mpaka mafuta yakaja bila mapovu, akaikaza. Injini ikawaka. Wakaenda kidogo tu, hata sigara ya mzee haijafika nusu. Ikazimika tena.

Sasa jugo, ule upepo wa kusini, ulikuwa umeanza. Mawimbi madogo madogo, yote yakiwasukuma kuelekea Babina.

Safari hii koki ilikuwa wazi. Chujio lilikuwa safi, halina maji wala mchanga. Mzee akafungua mfuniko wa tangi, na tangi likafyonza hewa kwa mluzi mrefu.

"Umesikia? Linavuta. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, mwisho pampu inavuta utupu. Njia ya hewa imeziba." Akaufunga mfuniko upesi, maana mawimbi yalishaanza kurukia sitaha na maji yangeingia humo. "Nenda pale ubavuni mwa boti, kwenye kile kibomba cha hewa. Kipulize kwa nguvu."

Dinka akalala kifudifudi, akaweka midomo kwenye bomba. Akapuliza. Hakuna kitu. Akapuliza tena kwa nguvu zake zote, na huko ndani kitu kikaachia.

Alitarajia kusikia mafuta yakibubujika. Badala yake, hewa ilimrudia kinywani.

Ilikuwa ya uvuguvugu. Ikaja polepole, kama ya mtu aliyelala.

Akajitoa. Akajifuta mdomo. Kisha, hajui kwa nini, akatega sikio.

"Tena," kitu kilinong'ona kutoka ndani.

Hakupiga kelele. "Baba."

"Kimezibuka?"

"Njoo usikilize."

Mzee alikuja akicheka. Akainama, akaweka sikio. Kicheko kilibaki usoni, lakini macho yakabadilika. Alisikiliza muda mrefu, mrefu kuliko neno moja. Kisha akachukua kitambaa, akakishindilia bombani kwa kidole gumba.

"Kimesema nini?"

"Lete dumu la mafuta ya akiba."

"Baba, kimesema—"

"Lete dumu, mwanangu. Na usitaje jina lako hapa."

Mzee akauchomoa mpira wa mafuta kwenye tangi, akautia kwenye dumu. Na ule unaorudisha mafuta ya ziada pia. Spana ilimponyoka mara mbili. Dinka alilikumbatia dumu, akaliinua juu ya injini ili mafuta yashuke yenyewe. Babina ilikuwa hatua arobaini. Povu la mawimbi lilimeta juu ya mwamba.

Mzee akapampu. Ndani ya tangi kukagongwa. Mara moja.

Akapampu tena. Kukagongwa tena.

Akasita. Kukawa kimya.

"Usiache kupampu, baba," Dinka alinong'ona. "Nakuomba."

Akapampu, na kila alipopampu kikajibu. Mapovu. Mapovu. Bado mapovu. Kisha mafuta matupu. Mzee akakaza skrubu.

"Washa!"

Dinka akanyoosha mkono mmoja, akawasha, injini ikashika. Walipita kando ya mwamba karibu kiasi kwamba Dinka aliwaona kome mmoja mmoja. Wakaelekea moja kwa moja bandarini.

Siku ya pili, fundi Lovre alilitoa tangi botini. Lilikuwa la chuma, limechomelewa pande zote. Tundu lake kubwa lilikuwa dogo kuliko kisosi cha kahawa. Akamimina mafuta yote nje, akamulika ndani. Tupu. Safi. Akaanza kukichomoa kibomba cha hewa, huku akipiga mbinja kama kawaida yake.

Mbinja ikakatika.

Ile ncha iliyokuwa ndani ya tangi ilikuwa imetafunwa. Juu ya shaba ya kibomba palikuwa na alama za meno, safu mbili, ndogo ndogo, na pengo moja mbele. Zilikuwa zinang'aa. Hazikuwa na hata siku tatu.

Lovre akakiweka kibomba chini taratibu. Akamtazama mzee Jerko.

"Mna mtoto pale nyumbani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hatuna," mzee alijibu.