Dawa ya Mishipa Ipi?

Nyundo ilishuka, bati likalia mpaka masikio yakaziba. Chiriku alikuwa amechuchumaa, ameshika ukingo wa sanduku ili lisicheze juu ya fuawe, chuma cha kufulia bati, na kila pigo lilimfika kwenye meno. Baba yake, fundi wa masanduku ya bati, alipiga kama mtu mwenye kisasi.

"Shika vizuri, wewe! Nikikuponda kidole usinililie."

"Nimeshika, baba. Ila ukizidi kupiga hivyo, sanduku litageuka sufuria."

Siku nyingine baba angecheka. Yeye ndiye aliyempa binti yake jina hilo la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Leo alitupa nyundo ukutani, akajishika ubavu na kuuma meno.

Miezi michache nyuma aliugua mkanda wa jeshi, ule upele unaomzunguka mtu mwilini kama mkanda. Upele ulipona, maumivu yakabaki. Daktari aliwaeleza kwamba ugonjwa ule ulikuwa umejeruhi mishipa ya fahamu. Wakati mwingine baba alihisi msumari wa moto ukipigiliwa mbavuni. Wakati mwingine hata shati lilimchoma. Kila usiku alikunywa kidonge kimoja cheupe, na taratibu alikuwa ameanza kupata usingizi. Jana usiku alikunywa cha mwisho.

Mama alitoka ndani na paketi tupu. "Nenda duka la dawa la hospitali. Waonyeshe paketi hii na cheti cha daktari. Na usipitie popote."

"Sawa, mama."

Hospitalini foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, na jua lilikuwa kali. Chiriku alisimama kidogo, akachoka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha mtu aliyeitwa Bwana Haraka. Aliuza betri, sabuni, na vidonge alivyovichota kwenye makopo.

"Una dawa ya mishipa?" Chiriku aliuliza.

"Mishipa ipi?"

Chiriku alikwama. Ya damu ni mishipa, ya shingo ni mishipa, na hata jirani mmoja aliyevimba kinena watu walisema ana mshipa. "Ile inayouma," alijibu, paketi na cheti vikiwa vimesahaulika mfukoni.

"Hapo umefika," alisema Bwana Haraka, akamfungia vidonge kwenye kipande cha gazeti.

Nyumbani, baba alivigeuza kiganjani. "Mbona vina rangi mbili? Vyangu vyeupe."

"Wamesema ni vile vile, baba. Kiwanda tu ndicho tofauti."

Uongo ulitoka bila kukwaruza. Baba alimeza viwili. Maumivu yalipopungua alifurahi, akaongeza viwili vingine. "Hii ndiyo dawa sasa!" alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Jioni jasho lilianza kummwagika. Mikono na kidevu vilimtetemeka, macho yakamtoka.

"Nani anatembea juu ya paa?"

"Hakuna mtu, baba Chiriku," mama alisema.

"Wezi! Wameingia!"

Alinyakua nyundo. Alipiga sanduku mpaka likabonyea, akapiga rafu, misumari ikamwagika chumba kizima. Mama alimshika kiuno. Alisukumwa, bega na mdomo vikagonga fremu ya mlango, damu ikamtoka mdomoni. Kisha baba akaugeukia mlango. Aliupiga, akaupiga, mpaka mbao zikapasuka na bawaba zikang'oka. Chiriku alijikunyata chini ya benchi, viganja masikioni.

Fundi baiskeli wa jirani alikuja mbio na vijana watatu. Nyundo ilimpita karibu na sikio. Walimvamia baba na kumbwaga chini, naye akawang'ata na kuwapiga mateke.

"Amelewa huyu!"

"Mfunge kamba!"

Kijana mmoja aliinua bomba la chuma. Mama akajirusha juu ya mumewe. "Ukimpiga, anza na mimi!"

"Weka bomba chini, we!" fundi baiskeli alifoka. "Ni maumivu yale. Shemeji, mpe dawa zake atulie."

Mama alifungua gazeti, akachukua vidonge viwili, akaanza kumpanua mumewe taya kwa nguvu. Chiriku aliona kila kitu. Yeye ambaye husema hata usingizini, sasa ulimi ulikuwa umeganda. Akisema, watu wote wale watajua ni nani aliyeyaleta haya. Asiposema, vidonge vitaingia.

Alichomoka chini ya benchi, akaupiga mkono wa mama kwa nguvu zake zote. Vidonge viliruka.

"Usimpe! Si zake! Nilinunua kibandani. Nilidanganya, mama!"

Mama alimtazama, damu ikimdondoka kidevuni.

"Ziokote," alisema. "Zote. Daktari atataka kuziona."

Walimkimbiza baba kwa mkokoteni. Njiani alishikwa na degedege. Daktari aliangalia kidonge, akaangalia na cheti. "Hii ni tramadoli, dawa kali ya maumivu. Na jana usiku alikunywa amitriptilini, kile kidonge chake cheupe. Heri mmeniambia, maana mngesema amelewa tungepoteza muda, na yeye hana muda."

Siku kadhaa baadaye, baba aliporuhusiwa kurudi nyumbani, daktari alimwita Chiriku karibu.

"Dawa hizi mbili zote huongeza kemikali moja ubongoni. Ikizidi, mtu hutetemeka, huchemka mwili, huona wasiokuwepo, na anaweza kufa. Na dawa ambayo mtu amekunywa jana, leo huwa bado haijatoka mwilini. Ndiyo maana hatumpi mtu dawa mpya kabla ya kujua anatumia nini kingine, na jibu la hapo lazima liwe la kweli, hata likikuaibisha. Uongo wako ulikaribia kumuua baba yako. Ukweli wako ndio ulionionyesha pa kuanzia."

"Na mimi nilimeza bila kuuliza," baba alisema. "Rangi niliiona."

Jioni ile walianza kutengeneza mlango. Mama, mkono wa bega lililoumia ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, alimulika taa. Chiriku alishika ubao. Bawaba ya juu ilipokaa, baba alijipinda ghafla na kuuma meno.

"Kaniletee kidonge kimoja. Vile vyeupe alivyonunua mama yako."

"Leo hapana, baba. Daktari amesema usianze tena mpaka akuone Jumatatu."

"Nimesema kimoja!"

Nyundo ilikuwa mkononi mwake. Chiriku hakuachia ubao.

"Hapana, baba. Ndivyo alivyosema. Sikudanganyi."

Baba alimtazama, akihema. Kisha akaiweka nyundo chini taratibu, akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Basi tuache hapa," alisema. "Bawaba ya chini, kesho."