Santuri ya Ijumaa

Safina aliepua kikaango, akazima jiko, lakini sauti ya kukaanga haikukoma. Ilitoka juu, kwenye bati, kwaru, kwaru, kwaru, kama mafuta yaliyopata moto, au kucha zinazotembea.

"Mume wangu," aliita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo usikie."

Sadala alitoka chumbani kwenye kompyuta yake, hedifoni zikining'inia shingoni. Akainua uso. Mkwaruzo ule aliujua. Alikuwa ameufuta asubuhi hiyohiyo.

Pale Kibiti Sadala alijulikana kwa kuwatilia watu nyimbo kwenye simu na flashi. Karibuni alikuwa amepata mashine ya kuchezea santuri inayoungwa na kompyuta, na wenye sahani za zamani wakaanza kumletea. Mama yake, Bi Johari, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa na sahani moja tu, nyeusi, haina hata karatasi ya jina. Tangu walipokuwa Nyamisati aliipiga kila Ijumaa adhuhuri, mlango umefungwa, chetezo cha udi miguuni, na watoto wamefukuzwa uani. Sasa gramafoni lake lilikuwa limekufa, na Bi Johari hakuwa na raha.

"Niwekee kwenye mtambo wako," alimwambia mwanawe. "Ila usiongeze, usipunguze."

"Mama, imejaa mikwaruzo. Nitakusafishia."

"Nimesema kama ilivyo, Sadala."

Hakumsikiliza. Fundi gani amkabidhi mama yake kazi chafu? Alirekodi, akauonyesha mtambo mkwaruzo mtupu ulivyo, akauamuru uuondoe wote. Zikabaki ngoma na sauti za wanawake waitikiaji, safi kama wamo chumbani. Akalifuta faili la kwanza lisimjazie nafasi. Alipoinua sahani kutoka kwenye mashine, ikapasuka vipande viwili mkononi mwake, haijaanguka wala haijagongwa. Akaifunga kwenye gazeti, akaisukuma uvunguni, akajiambia kwamba wimbo umo salama.

Ijumaa ilipofika alimpigia mama yake wimbo ule. Bi Johari alisikiliza macho ameyafumba, udi ukifuka. Wimbo ulipokwisha hakufumbua.

"Waitikiaji wote wapo," alisema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani, mama?"

Bi Johari alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekanyaga kaburi. "Nirudishie sahani yangu."

Sadala akatoa vipande. Mama yake hakulia wala hakugomba. Alivigusa tu, kisha akasema taratibu, "Umemtoa mwenye nyumba, mwanangu. Na pa kukaa sasa hana."

Tangu hapo nyumba ikaanza kunuka tope la mikoko, tope lile bichi la maji yakipwa, na hapo Kibiti hakuna bahari. Lilinuka kwenye mito, kwenye mtungi, kwenye unga. Mkwaruzo nao ukashuka kutoka kwenye bati, ukapita ukutani, ukakaa kwenye mlango wa chumba cha kulala, na mchana mmoja jua likiwa utosini, Safina akiwa anakunja nguo, akakohoa, akakohoa tena, na Sadala aliyekuwa amekaa karibu naye akasikia kwamba kile kikohozi hakikuwa kikohozi bali ni kwaru, kwaru, kwaru, kinatoka ndani ya koo la mkewe, na macho ya mkewe yakageuka juu, na mikono yake ikaendelea kukunja nguo ileile, ikaikunja na kuikunja mpaka ikachanika.

"Nani kanitoa kwangu?" Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, kavu.

Sadala alikimbia kumfuata Fundi Mwinyimvua, mpunga pepo wa Chumbi. Mzee alikuja na kombe na ubani, akasoma, akamfukizia Safina chini ya shuka. Pepo akacheka.

"Soma, na mimi nimesoma. Mwili huu ni kiti kichanga. Nitakikalia mpaka kivunjike."

Mwinyimvua alifuta jasho. Akamgeukia Bi Johari. "Bibi, huyu ni wako?"

"Ni wangu. Alinipanda kwenye mikoko nikiwa mwari, tunakata boriti na marehemu baba. Fundi aliyenitibu alipiga ngoma yake, wakaja watu wa kurekodi, na yeye mwenyewe akaja. Pumzi yake ndiyo ile mikwaruzo. Akaridhia kukaa mle, mradi nimsikilize kila Ijumaa."

"Sahani haiungiki?"

"Haiungiki."

"Basi anataka kiti," alisema Mwinyimvua, akishusha sauti. "Na huyu binti hafiki kesho."

Midomo ya Safina ilikuwa imeanza kutoa maji ya chumvi. Sadala alitaka kusema, nichukue mimi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Alilisikia likigonga hapo, na hofu ikalishikilia, na katika kimya kile mama yake alishamwona, akaelewa, akasimama.

"Mwache mke wa mwanangu," Bi Johari alimwambia pepo. "Kiti kizee ni kiti. Rudi, twende kwenu."

Safina akaanguka chali, akavuta pumzi, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Bi Johari hakuanguka. Alijifunga kanga vizuri, akatoka nje bila viatu, akashika njia ya Nyamisati, na Mwinyimvua akamkataza Sadala kumfuata. "Hana tena wimbo wa kumtuliza," alisema. "Muda wowote atakuwa yeye, muda wowote siyo."

Sadala alivumilia mpaka akashindwa. Asubuhi moja alikwenda Nyamisati na mchele, sukari na kanga mpya. Nyumba ya zamani ya mama yake ilikuwa imefungwa, madirisha yamezibwa kwa tope. Majirani walimwonyesha kwa kidevu, hakuna aliyemsindikiza.

"Hodi, mama. Shikamoo."

Ikaja sauti aliyoijua tangu tumboni, imechoka, iko karibu sana na ubao. "Marahaba, mwanangu. Safina hajambo?"

"Hajambo, mama. Nimekuja kukuona."

"Nimefurahi. Sasa rudi. Usiingie leo."

"Mama, nifungulie tu kidogo."

Mdomo uleule ukajibu, lakini siyo mama. "Mwache aingie."

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka kidogo, harufu ya tope ikampiga usoni, na Sadala, pale kizingitini, akamsikia mama yake akihema na kuguna kwa ndani, akiusukuma mlango kwa bega lake la kizee, ufungike.